Vinyonga Wachanga wa Mwalimu Esperansi

Mnicheke taratibu, maana aibu bado mbichi. Mwalimu Esperansi, Mkongo mwenzangu anayeishi mtaa wa Area 49 mjini, aliniuliza kama ninaweza kulea vinyonga walioanguliwa bustanini kwake. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kutafuta kazi, nikajibu haraka, "Kwetu Fizi nilibalea bengi."

Ukweli, namwogopa kinyonga kuliko nyoka.

Akaniachia sanduku lao la wavu na chupa mpya ya kunyunyizia majani maji, maana kinyonga hunywa matone tu, akaenda kufundisha. Mimi sikuthubutu kutia mkono ndani ya sanduku. Niliwadondoshea vijidudu kupitia tundu la juu, nikawamwagia maji kwa kikombe kwenye kifuniko cha kopo kilichokuwa chini kama kisahani. Siku zikapita, wakakonda, macho yakaingia ndani.

"Banakunywa?" akauliza Mwalimu.

"Sana, Mwalimu. Nanyunyiza asubuhi na jioni."

Akaichukua chupa. Ilikuwa kavu, mdomo bado umezibwa na karatasi ya dukani. Akaijaza, akanyunyiza. Vinyonga wakajivuta wakitetemeka, wakalamba matone kwenye majani bila kupumzika.

Hakunigombeza. Alimweka mmoja kiganjani, akaninyooshea. "Shika, mama. We njo unajua kubalea, si mimi."

Nikapiga yowe, "Yesu wangu!" Nilipopata akili nilikuwa nimesimama juu ya kiti, na Mwalimu bado amenyoosha mkono.