Imbwa ya mu Pipa

Mujukulu wangu iko anasoma kazi ya kutunza banyama, na miye najivuna naye mbele ya avenue yote. Juzi alinielezea bongo. Ndani muko bintu bidogo, anabiita reseptere, kama mikono yenye kudaka habari. Nyama ya kidogo ikikomalia, ikikulia penye mwangaza na michezo, mikono ile inakuwa mingi. Ikikomalia mu giza, inabakia kidogo, na kisha kuifundisha inakuwa nguvu, kazi ngumu. Nilimwambia: hiyo kambo yako, bibi yako huyu, aliijua zamani, na aliijua kwa haya.

Wakati wa Zaire, bwana yangu alikuwa anatumika ku mine ya shaba. Bunga yenye kazi ilikuwa inatupatia haikukuwa inatosha, basi nililima muhindi nyuma ya nyumba za mwisho za mutaa wetu wa Bel-Air. Mbuzi za bantu zilikuwa zinakula kunishinda. Tukatafuta batoto babili ba imbwa, ba mama mumoja. Mama mukwe alisema imbwa ya kulinda inafungiwa mu giza ili iwe kali. Ya kike nikaiachia batoto bangu mu lupango, mu uwanja wa nyumba, bacheze nayo. Ya kiume nikaifungia mu pipa, miye mwenyewe, kwa mikono hii. Asubui nagonga pipa, nafunua, naweka bukari, ugali wa muhindi, nafunika. Miezi mitatu.

Ya kike ilijifunza kufukuza mbuzi mu juma moja tu. Kisha gari ikaikanyaga. Ikabakia ile yangu ya mu pipa.

Haikukuwa kali. Ilikuwa inazunguka pahali pamoja, duara ya ukubwa wa pipa, mbuzi ziko zinakula pembeni. Nilionyesha, nilivuta kamba, nilipiga, nilibembeleza. Kila siku naanza upya, kama jana haikukuwako. Nilichoka mpaka mu mifupa.

Bwana yangu alisema, "Mavuno ikifika haiyajua kazi, nitaiua. Hatuna bukari ya kulisha muvivu."

Sikulala na amani, juu uvivu ule ni miye niliutengeneza.

Basi nikabeba pipa ku kichwa mpaka mu shamba. Nikagonga. Imbwa ikaacha kuzunguka, ikakuja mbio, ikaikaa ku miguu yangu. Sauti ile ndiyo kitu kimoja ilijua. Na mbuzi, kwa kelele, zikakimbia zote.

Bwana yangu alitukuta vile, akatuangalia sana. "Sasa, mama, kati yenu babili, imbwa ni nani?"

Nikagonga kila siku mpaka mavuno, mabega inawaka moto, imbwa, yeye, ameikaa pembeni anangojea bukari. Bwana yangu hakumuua.