Gari la Zahanati Larudi Tena

Fundi Sikio alipoliona gari la zahanati likiingia tena uani, nguvu zilimwisha. Jina hilo alibandikwa ujanani, kwa kuwa alikuwa akisimama kando ya gari linalonguruma, anainamisha kichwa, kisha anataja kifaa kilichokufa kabla hajagusa spana. Sasa magoti yalimuuma, na mgongo uligoma kunyooka kila alipotoka chini ya gari. Na hili gari la kupanda milima, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilikuwa limemshinda.

Dereva wake, mtu mpole asiye na maneno mengi, alimwamkia, akaeleza yale yale: likishika mwendo linalia kwa chini, ukiachia mafuta linanyamaza. Kwanza fundi alikuwa amebadilisha krosi za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, halafu beringi za magurudumu ya mbele, na kila mara alilijaribu barabarani akasema limepona. Dereva hakufoka. Alieleza tu kwamba juzi alimteremsha mama mjamzito kutoka mlimani, na njia nzima alikuwa akiomba gari lisimkatikie. Hilo lilimchoma fundi kuliko matusi.

Ukweli ni kwamba hakuwa amesikia kitu. Masikio yalikuwa yamefifia kidogo kidogo, naye akawa anabahatisha, akiona aibu kusema.

Mkewe alikuwa barazani, mbele ya cherehani yake, na mazungumzo yote aliyapata. Alivua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, akaja akapanda kiti cha mbele.

"Endesha, baba watoto," alisema kwa sauti ya kutosha. "Mimi nitasikiliza."

Fundi alitaka kubisha, lakini hata kubisha kunahitaji nguvu. Walipofika barabarani alimuuliza amejua lini.

"Tangu ulipoanza kunijibu nisiyokuuliza."

Alicheka bila kutaka. Mkewe akamweleza: mlio ni mzito, unatoka nyuma yao, kama mtu anayesaga mahindi makavu. Walirudi, fundi akajivuta chini ya gari, akaifungua propela ya mbele na kuitoa kabisa. Wakaenda tena, gari likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Bado linasaga, mkewe alisema. Basi tena chini. Akairudisha ya mbele, akaitoa ya nyuma, jasho likimwingia machoni, akaingiza gia ya magurudumu manne ili ya mbele yavute. Safari hii mkewe aliinamisha kichwa, mkono kauweka kwenye dashibodi.

"Karibu linyamaze lote," alisema. "Limebaki kuguna tu."

Ina maana ubovu ulikuwa nyuma, na uliamka pale difu, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ilipobebeshwa kazi. Fundi alimwaga oili yake kwenye beseni, akachovya vidole. Ilimetameta kwa unga wa chuma. Alipoifungua, beringi ya pinioni, ile inayoshikilia gia ndogo inayopokea nguvu ya propela, ilikuwa imeliwa vibaya. Ingekwama siku yoyote. Alikaa chini sakafuni, beringi mkononi, akimfikiria yule mama mjamzito kwenye ule mteremko.

Kazi ilimla siku mbili. Ilipokwisha alimpa dereva ufunguo, naye akakaa upande wa abiria.

"Endesha wewe, uniambie," alisema. "Mimi siku hizi sisikii vizuri. Ndiyo maana nilikurudishia gari bovu. Nisamehe."

Dereva aliendesha hadi juu ya kilima na kurudi. Aliposimamisha gari alimsogelea, akatamka neno moja moja: limetulia, na kesho atakuja kumchukua akapimwe masikio zahanati. Fundi alijibu kwamba kesho ana kazi. Alikwenda wiki iliyofuata, kwa kusukumwa na mkewe. Wakamwambia ni kelele za miaka mingi, hazirudishi zilichochukua, ila kifaa cha kuvaa kingemsaidia kidogo.

Habari ilienea. Tangu hapo kila mteja akifika humpigia kelele kama yuko ng'ambo ya mto, hata akiwa amesimama naye uso kwa uso. Jioni mkewe akimuuliza siku ilikuwaje, husema kazi haikumchosha. Kilichomchosha ni salamu.