Jani la Isale Mlangoni Pangu Mabogini

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na sita, baba aligawa kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Kilema mlimani. Kaka akapewa upande wa juu wenye kahawa. Kitinda mimba akapewa nyumba na migomba. Mimi wa kati nikapewa panga. Ndiyo mila, wa kati akajitafutie. Shule niliachia darasa la tatu. Nikashuka tambarare, Mabogini, kulima mpunga wa watu.

Kila Desemba nilipanda kula mbuzi wa ukoo. Kaka alinipokea kwa kelele mbele ya wake zetu: "Mtu wa tambarare kaja! Mpeni supu, mbu wamemmaliza!" Wanacheka. Nyama yao nilikuwa naimeza kama udongo. Halafu mtu ananiambia raha ya maisha ni ndugu! Mimi mtu akiniambia ana raha, namuuliza kwanza, unakaa kwako au kwa watu?

Desemba iliyopita sikupanda. Wakashuka wao wawili, kaka kashika jani la isale. Kwetu jani hilo ni kuombwa msamaha, na kulikataa ni kujitafutia laana. Walijua.

"Mdogo wangu, tulikukosea," kaka akasema. "Umri umekwenda. Tumekutengea pa kuzikwa, kihambani."

Mchagga akizikwa tambarare, watu husema alikosa kwao.

"Wapi pale?" nikauliza.

Kitinda mimba akakohoa. "Pale nyuma ya zizi, kaka. Ila kwanza tusaidiane nyumba ya baba, paa limeoza. Wewe mpunga umekukubali."

"Tusaidiane, wewe unatoa nini?"

"Mimi nitasimamia mafundi."

Mke wangu alicheka jikoni hadi akaangusha sufuria.

Nikalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimewasamehe. Paa lenu ezekeni. Na nyuma ya zizi mzikane wenyewe."

"Utazikwa kwenye matope kama mtu asiye na ukoo!" kaka akafoka.

"Kwenye matope yangu. Kunyweni chai muondoke, jua linazama."

Hawakunywa.

Leo nina ekari nne za mpunga. Nyumba ya matofali, vyumba vitano. Pawatila moja ya kulimia. Ng'ombe watatu wa maziwa. Mke mmoja, mkali. Na kipande kilichoinuka kando ya mfereji, maji hayafiki, nimeshakizungushia uzio. Hapo ndipo nitalala.