Mwalimu Kornelio Alipoinamisha Kichwa

Wengi waliomfahamu Kornelio wa Magole watakuambia alikuwa seremala wa madirisha yasiyofungika. Ni kweli, la kwangu lilipitisha upepo miaka kumi na mitano. Lakini mwaka 1974 nilikuwa katika kundi lake la vijana wa kanisa, na nilimwona akifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Pasaka ile tulialikwa Berega, siku tatu. Huko ndiko Nasieku angebatizwa. Alikuwa binti wa mzee Kasaine, mfugaji mwenye boma nje ya kijiji chetu, na ndiye aliyetuanzishia nyimbo. Sisi wengine tulikuwa wa kufuata tu.

Kornelio aliamua kuwaandikia wazazi barua. Mimi mwenye mwandiko mzuri nilinakili, nikajiona karani hasa: "Mnaarifiwa kuwa kijana wenu atasafiri." Kila mmoja akapeleka ya kwao. Hatukuwaza kwamba miaka ile ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, karatasi ikiingia nyumbani ilikuwa ni amri: hama, jenga hapa, lima pale. Wala hatukuwaza kwamba mzee Kasaine hajui kusoma, kwa hiyo Nasieku mwenyewe angesimama mbele ya baba yake na kumwarifu kuwa atasafiri.

Kesho yake kaka wa Nasieku, Yoramu, akaturudishia barua.

"Baba amesema Nasieku haendi Berega, na kanisani harudi tena. Amesema katika boma lake mtoto hamtangazii baba safari."

Nilikasirika. Nikasema mzee yule ni mkaidi, Nasieku atoroke tu, lori litamchukua barabarani. Kornelio aliweka randa chini, akaniangalia mpaka nikaona aibu.

"Tukimwiba kwa baba yake, tutamfundisha kuheshimu wazazi kwa kinywa gani? Mzee hana kosa. Kosa ni langu. Kesho tunakwenda wote."

Yoramu alikuja kutuongoza, na njiani Kornelio alimuuliza jinsi mdogo anavyomsalimu mkubwa kwao. Tulimkuta mzee Kasaine kwenye lango la zizi, akikagua mguu wa ndama. Kornelio alikuwa mtu wa makamo, hata mwenyekiti wa kijiji alimwita mwalimu. Hakunyosha mkono, wala hakutoa Biblia. Alivua kofia, akainamisha kichwa kama wafanyavyo watoto wa boma lile, akangoja kuguswa.

Mzee akaendelea na ndama wake. Jua likapanda. Nywele za Kornelio zilikuwa bado na vumbi la mbao, na jasho lilimtiririka shingoni, lakini hakuinua kichwa. Hakuna aliyecheka katika kundi lile la watu wa kucheka ovyo. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Hatimaye mzee akaweka kiganja chake juu ya kichwa kile.

"Sasa umefika," akasema. "Kaa."

Tukapewa maziwa. Habari za ng'ombe zikaulizwa, za mvua zikaulizwa, na ndipo Kornelio akasema, "Baba, nilikukosea. Nimekuja kukuomba mtoto kwa siku tatu. Ukikataa nitarudi nyumbani, na bado nitakuja kukusalimu."

Mzee akamwita Nasieku. "Unataka kwenda?"

"Ukiniruhusu, baba."

"Utakwenda. Na mimi nitakwenda."

Akapanda nasi lori na fimbo yake, yeye asiyewahi kukanyaga kanisani. Berega wakampa nafasi benchi la mbele. Ibada ikafika kwenye ubatizo, na mchungaji akauliza ni nani anayemleta binti huyu. Sote tulijua ajibuye ni baba wa ubatizo, na Kornelio alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo, na shati jipya.

Mzee Kasaine akasikia swali, akaona linamhusu. Akasimama. "Mimi," akasema. "Ni wangu."

Mchungaji akamtazama Kornelio. Kornelio alitoka mahali pake, akaenda kusimama nyuma ya mzee, hatua moja, na pale mbele ya umati wote akainamisha kichwa tena.

Mchungaji akaendelea na ubatizo. Nasieku alikuwa akilia, nami vilevile.