Hodi kwenye Nyumba Tupu

Wenzake kazini walimbandika jina la Hodi, na jina likamganda mpaka mimi mkewe nikawa Mama Hodi bila kuulizwa kama nalitaka. Mume wangu alikuwa dereva wa tingatinga. Kazi yake ilikuwa kubomoa nyumba kuukuu ili wengine wajenge mpya, na hakuwahi kugusa ukuta wa mtu kabla ya kuingia ndani na kupiga hodi. Si mlangoni pekee. Alipita chumba hadi chumba, jikoni, stoo, hata chooni, na kila mlango akasimama akasema hodi mara tatu, akasubiri. Asipojibiwa ndipo alipanda kwenye mtambo wake.

Walimcheka mpaka wakachoka. Vibarua walijificha nyuma ya milango wakamjibu kwa sauti nyembamba za kike, karibu mpenzi, ingia ndani. Alicheka nao, kisha akaanza upya chumba cha kwanza, kwa sababu hodi ile ilikuwa imeshaharibiwa. Mimi mwenyewe nilimuuliza, siku za mwanzo za ndoa yetu, nyumba tupu inapigiwa hodi ya nini.

"Ukienda kwa mtu sebuleni unapiga hodi," akanijibu. "Mimi naingia kwa kupitia ukutani, nisipige?"

Nikaacha kumuuliza, na si kawaida yangu kuacha.

Hata kwake hupiga. Anarudi jioni na vumbi masikioni, anavua viatu nje, anasimama mlangoni pa nyumba aliyoilipia kodi mwenyewe na kusema hodi. Kuna siku nimechoka namjibu, karibu mgeni, umetoka mbali? Anaingia anacheka. Nayaeleza haya yote mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyefukuzwa kazi, na kwa sababu ya nani.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kona, ya mawe na chokaa, yenye kuta nene na madirisha ya mbao yaliyopinda. Nyuma ilikuwa na ua mdogo wenye nyaya za kuanikia nguo, na karo kubwa la saruji lililojengwa na marehemu mwenye nyumba, ambaye alikuwa mwashi. Alipokufa, mjane wake aliinamia karo hilo na hakuinuka tena mpaka mtoto wao wa pekee alipomaliza shule. Alifua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima. Mtaa ukamwita Bibi Dobi, naye akalipenda jina, akaitika.

Yule mtoto akawa mtu wa ofisini. Akahamia ghorofani, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye mashine ya kufulia, na bado kila wiki akamletea mama yake mfuko wa mashati meupe. Alisema mashine haijui kola. Bibi Dobi alijivunia maneno hayo, akawasimulia wateja wake. Mtoto alipomwomba nyumba iandikwe kwa jina lake, ili baadaye pasiwe na usumbufu, mama aliona ni jambo dogo. Mama gani anamnyima mwanawe kitu ambacho ni chake kesho? Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa mzazi sijasikia nani anaujua.

Basi mwana akaiuza. Kuiuza peke yake ningeweza kuvumilia, watu huuza nyumba. Lakini hakumwambia mama yake. Alimwambia paa linalovuja litarekebishwa, mafundi watakuja siku fulani asubuhi. Msimamizi wa ubomoaji, ambaye kwa haraka zake tulimwita Chapuchapu, aliambiwa kwamba nyumba ni tupu, mama amekwisha hama. Hesabu ya mwana ilikuwa kwamba asubuhi mama hutoka kupeleka nguo za wateja nyumba kwa nyumba, hurudi jua likiwa kali. Atarudi akute kifusi. Atalia, atazoea. Hayo si maneno yangu, aliyasema mwenyewe baadaye mbele ya mume wangu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhurumiwa.

Kitu kimoja hakukiwaza, na ni yeye peke yake duniani aliyepaswa kukiwaza, kwa kuwa alilelewa nacho. Bibi Dobi hawezi kuondoka nyumbani siku ambayo mafundi wanakuja. Mafundi wafike wakute mlango umefungwa, wasipewe hata chai? Siku hiyo hakupeleka nguo kwa mtu. Alifagia, akapanga vikombe kwenye sinia, akakaa jikoni akawasubiri.

Kwa kawaida milango, madirisha na mabati hutolewa kwa mikono kwanza, ndipo mtambo uingie. Asubuhi ile Chapuchapu alisema hakuna muda wa kubembeleza mbao za kale, ipigwe yote pamoja. Lori la kifusi lilikuwa limeshaegeshwa. Mume wangu akashusha tingatinga kwenye kona, akaliacha linanguruma, akaelekea mlangoni. Chapuchapu akamfokea kutoka nyuma, Hodi, leo tuachie hadithi zako, mwenye nyumba kanihakikishia hamna mtu humo. Mume wangu hakubishana naye. Hajawahi kubishana na mtu, ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote. Alisukuma mlango tu, akasema hodi.

"Karibuni, mafundi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Piteni. Chai iko tayari."

Alidhani ni vibarua wanamchezea. Akarudia hodi. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanamke mzee mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, amebeba sinia. Akasema amesikia mashine yao, akajua hawa leo wamekuja na vifaa vya maana. Akamkalisha. Mume wangu anasema alikunywa kile kikombe chote kikiwa bado cha moto kwa sababu hakujua afanye nini na mdomo wake.

Alipomaliza alimuuliza Bibi wanatengeneza wapi. Akampeleka chumba cha mtoto. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na katikati yake beseni limekinga tone la dari. Kwenye msumari lilining'inia koti la shule la mtu ambaye sasa ana upara. Bibi akasema yeye paa la chumbani kwake halimsumbui, ila hapa ndipo mwanawe hulala akija. Hajawahi kulala hapo tangu ahame.

Mume wangu akatoka nje, akapanda kwenye kabini, akazima mtambo, akatia ufunguo mfukoni. Alimwambia Chapuchapu maneno machache kabisa, kwamba ndani kuna mtu na amemkaribisha. Chapuchapu akapiga simu huku anatukana. Baada ya muda gari likaja, mwana akashuka amevaa shati jeupe, kola imesimama wima. Shati lile lilikuwa limepigwa pasi na mama yake wiki hiyohiyo. Kila nikilikumbuka shati hilo natamani kulirarua, na mimi hata sikuwapo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mafundi wako wengine hawataki chai."

Hapo ndipo ilibidi aseme. Akasema nyumba ni kuukuu, ukuta wowote ungeweza kumwangukia, kwamba yote ni kwa faida yake, kwamba alitaka kumwondolea uchungu wa kuaga. Nimeambiwa alizungumza vizuri sana. Mama akasikiliza amesimama, sinia mkononi. Akauliza yeye atakwenda kuishi wapi. Mwana akasema watatafuta chumba. Maana yake ni kwamba alikuwa hajatafuta! Alipanga kumbomolea mama yake nyumba na hakuwa amemtafutia hata mahali pa kuweka mto.

Chapuchapu alipoona watu wamejaa barabarani akaanza kujitetea, kwamba yeye hana kosa, aliambiwa hamna mtu, aliambiwa jana na akaambiwa tena asubuhi. Bibi Dobi akamgeukia mwanawe.

"Ulisema hamna mtu?"

Mwana akatazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri pia.

Nyumba ilikuwa yake kisheria, na hakuna jirani aliyeweza kuzuia. Chapuchapu akamwamuru mume wangu awashe mtambo. Mume wangu akasema amekwisha karibishwa humo, amekunywa chai humo, hawezi. Akaambiwa atoe ufunguo na asirudi kazini. Akautoa. Kisha, wakati wanamtafuta dereva mwingine, akaingia ndani kumsaidia Bibi kutoa vitu. Alitaka kuanza na kitanda chake. Bibi akakataa. Akasema nguo za watu kwanza. Wakatoa marobota ya wateja, moja moja, yakapangwa kwenye kibaraza cha jirani bila kukunjwa hata shuka moja vibaya, ndipo akaruhusu vyake vitolewe. Mwana alikuwa ndani ya gari, amepandisha vioo, anazungumza kwenye simu.

Dereva wa pili alikuja mchana. Hakushuka kwenye kabini hata kuangalia upande wa nyuma una nini. Kijiko cha tingatinga kilishuka kwenye paa la chumba cha mtoto kwanza, na nyumba iliyojengwa kwa miaka ikakaa chini kabla ya jioni. Karo halikukubali upesi. Alilipiga, likalia, akalipiga tena, mpaka likapasuka katikati. Mume wangu anasema Bibi hakulia kwa ukuta wala kwa paa. Kwa karo alilia.

Sasa niseme ukweli wangu. Jioni ile niliposikia hodi mlangoni nikajibu karibu, akaingia mume wangu bila kazi, akiwa na mwanamke mzee nisiyemjua na sinia la vikombe, nilifura. Nilimvuta jikoni nikamuuliza kama sasa kila nyumba anayoshindwa kuibomoa atatuletea wenyewe. Alinisimulia. Alipofika kwenye habari ya chumba ambacho hakijatafutwa, hasira zangu zikatoka kwake zikahamia kwa mwingine, na huko zimekaa mpaka leo. Nilitandika godoro kwenye chumba cha mbele.

Bibi Dobi hakukaa kama mgeni hata siku moja. Niliamka nikakuta mapazia yangu yameshafuliwa, na nikaaibika kwa rangi yake halisi, nilikuwa nimeisahau. Wateja wake walimfuata mmoja mmoja kwa kuulizana, na sasa kwetu kuna nyaya kila upande, ukiingia unapita chini ya masuruali ya watu. Mume wangu amepata kazi ya kuchimba mitaro kwa kibarua. Mshahara ni mdogo na mgongo unamuuma. Bibi humwita mwanangu, naye huitika.

Mwana aliyemzaa mwenyewe hakuja. Hakuja kumwona alivyolala, hakutuma salamu, hakuuliza jirani. Kila gari lililopunguza mwendo nje, Bibi aliinua kichwa, kisha akakirudisha kwenye kazi. Nilikuwa nikiliona hilo na kuuma meno.

Halafu jioni moja akaja. Nilimwona dirishani kabla hajafika mlangoni. Shati lake lilikuwa limekunjamana, kola imelala kama sikio la mbwa mgonjwa, na mkononi ameshika mfuko mkubwa. Mwanzoni nilidhani amemletea mama yake kitu, nikaanza kumlainikia, Mungu anisamehe. Aliposogea nikaona mkono wa shati unaning'inia nje ya mfuko. Alikuwa ameleta nguo chafu.

"Hodi," akasema mlangoni.

Tulikuwa watatu chumba cha mbele. Mimi nilikuwa nakunja shuka, Bibi alikuwa na pasi mkononi, mume wangu amekaa ananyoosha mgongo. Bibi aliijua sauti ile kabla neno halijaisha. Pasi ikasimama hewani. Nilifungua mdomo nimtolee yote niliyomwekea, na Mungu anajua yalikuwa mengi, lakini nikamtazama Bibi nikayameza. Haikuwa zamu yangu.

"Hodi humu ndani."

Mume wangu akainuka. Huyo hawezi kusikia hodi isijibiwe, hata ya adui, anaumwa. Alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kusema karibu, Bibi akamshika mkono.

"Kaa, mwanangu," akamwambia polepole. "Alisema hamna mtu. Basi hamna mtu."

Mume wangu akanitazama, akamtazama Bibi, akakaa. Hodi ya tatu ilikuja chini zaidi, karibu kama ya kuomba. Tukaisikia wote, tukaiacha. Kisha viatu vikageuka kwenye changarawe, vikaenda, na mlango wa gari ukafungwa. Bibi Dobi akaligusa bamba la pasi kwa kidole kilicholowa kuona kama bado lina moto, akaligeuza shati la mteja, akaanza mkono wa pili.