Mwendo wa Mpira wa Baiskeli

Muziki wa nyumbani kwetu ulipangiwa mwendo na mpira wa baiskeli. Mkanda wa ndani unaozungusha kaseti katika redio ya baba ulikatika nikiwa shule ya msingi. Mkanda wa kweli haukupatikana Gisenyi wala ng'ambo Goma, basi baba alichukua mpira wa ndani wa baiskeli yake, akakata kwa wembe ukanda mwembamba, akaufunga humo. Redio ikaimba tena. Iliimba taratibu kidogo, na chini kidogo, kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, lakini baba alisema imepona na hakuna aliyembishia.

Kaseti aliyoipenda ilikuwa moja tu: Wazungu wanne, violini mbili, viola na selo, ile kubwa ya sauti nzito. Kila Jumapili baada ya misa aliiweka, akanyoosha miguu, akafumba macho. Mimi nilidhani ni muziki wa msiba. Selo ilikokota miguu kama mtu anayepanda milima ya Bugeshi na gunia la viazi, na violini zilimfuata nyuma zikimlilia. Kisha kulikuwa na mahali, katikati, ambapo ule mpira uliteleza. Sauti zote zilizama pamoja, baba akainuka, macho yamefumbuka nusu, akaipiga redio kofi moja ubavuni, akarudi kuketi. Sisi watoto tuliona ni sehemu ya muziki.

Baba alifariki mwaka jana. Redio ilikuwa imeshaitafuna ile kaseti zamani, nayo yenyewe ikafa. Mwaka wa msiba ulipokaribia kutimia, mama alinipigia simu Mwanza. Kabla ya Mwanza nilikuwa Kampala, na kabla ya hapo Kisangani. Mama husema mimi sina anwani, nina njia tu. Hakuniomba pesa wala mbuzi. Alitaka siku hiyo, baada ya misa, ule muziki usikike sebuleni mara moja tena.

"Ile tu," alisema. "Dada yako atapika. We leta muziki."

Ganda la kaseti lilikuwa bado kwenye droo. Dada yangu alilipiga picha akanitumia, nami nikautafuta mtandaoni mpaka nikaupata, wapigaji wale wale, hata picha ya juu ni ile ile. Nilifika nyumbani siku moja kabla, nikijiona mtu wa maana. Nikaweka simu na spika ndogo juu ya kabati, nikabonyeza.

Violini zikatoka mbio, huko juu, zikicheka. Selo, yule mbeba viazi wangu, alikuwa anarukaruka kama mbuzi.

Dada, ambaye kila asubuhi huvuka mpaka pale Grande Barrière na vikapu vya nyanya, alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Hawa watu wanakimbia kama vile barrière inafungwa," alisema.

"Hii si yenyewe," mama akasema.

"Ni yenyewe, Mama. Ni wale wale wanne."

"Wale wa baba yako walikuwa watu wazima. Hawa ni watoto yao."

"Mutu anazunguka inchi zote," dada akaongeza, "anarudia kwetu na muziki ya harusi."

Nikawaeleza habari ya mkanda na mpira, kwamba redio ilikuwa inachelewesha kila kitu na kushusha kila sauti. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc unasema baba yako alitudanganya miaka yote?"

"Si yeye, Mama. Ni redio."

"Redio haina makosa. Tengeneza."

Alisema hivyo kwa utani. Lakini alikuwa ameshasogeza kiti cha baba karibu na kabati, na mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kile kiti, haukutoka hapo.

Nikatafuta programu ya kupunguza mwendo, nikapunguza. "Sasa wanatembea muzuri," mama akasema, "lakini wanasemea mu pua." Kweli, mwendo ulikuwa umeshuka, sauti zimebaki juu. Ilibidi nazo nizishushe, ila sikujua mpaka wapi. Shuleni niliimba besi. Ukinipa noti ya do naishika, lakini do ya nyumbani kwetu ilikuwa imenitoka. Kila nilipodhani nimeikumbuka, ilihamia mahali pengine, kama mimi.

Jioni mama alikaa kumenya viazi vya kesho, akaanza kuimba kwa pua. Ule mwanzo, chini kabisa, akivuta pumzi pale pale violini zinapovuta. Nadhani hakujua kwamba anaimba. Nikakaa kando yake na simu yangu, nikashusha sauti kidogo kidogo, mpaka Wazungu wanne wakafika kwenye koo la mama yangu.

Dada alinitazama. "Ariko we, mutu wa njia, leo umejua kukaa."

Kesho yake, baada ya misa, nyumba ilijaa majirani na ndugu wa Goma. Nikabonyeza. Selo akabeba gunia lake, akaanza kupanda. Jirani mmoja aliinamisha kichwa kwa huzuni. Sikumwambia kwamba ule ni wimbo wa kucheza dansi. Mama alikuwa amefumba macho, kando ya kile kiti kitupu. Tukafika katikati, na kwa kuwa simu haina mpira, muziki ukapita hapo bila kujikwaa.

Mama akafumbua macho.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Umekaa tu?"

Sikuelewa, mpaka nilipomwona dada anatazama ubavu wa kabati huku akijiuma mdomo. Nikaurudisha muziki nyuma kidogo. Ulipofika mahali pale niliinuka, nikausimamisha kwa kidole gumba, nikalipiga kabati kofi moja hadi vikombe vikalia ndani, nikauachia, nikarudi kuketi.

"Baba yako hakukuwa anapiga na nguvu vile," mama alisema, akafumba macho tena.