Bwana Sifuri na Mraba wa Saba

Kazi ya Bwana Sifuri ilikuwa kupiga magoti. Alipiga magoti kwenye mwamba wa hifadhi yetu ya pwani, kila mwezi maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali kuliko siku zote, yanapopwa, kwa miaka ishirini na saba. Alikuwa na fremu ya bomba la plastiki iliyofungwa kamba kumi huku na kumi kule. Fremu hiyo inapachikwa kwenye bolti nne za kila mraba, zilizochimbiwa mwambani, palepale pa mwezi uliopita na mwaka uliopita, bila kusogea hata unene wa kidole. Kamba zinakutana mara mia. Yeye anainama, anatazama chini ya kila makutano, anataja alichokiona: "Kome. Mwani. Mwamba mtupu." Mimi karani nimechutama nyuma yake na ubao na penseli, naandika. Waliosoma wanaiita kazi hii ufuatiliaji wa muda mrefu wa viumbe wa ufukweni. Mke wake alikuwa na jina fupi zaidi.

"Mke mwenzangu ni jiwe," alikuwa akituambia. "Na mwenzangu anapigiwa magoti. Mimi sijawahi."

Msidhani alikuwa mtu rahisi, maana marehemu na wastaafu wote husifiwa. Alikuwa mkali kama pilipili. Siku moja niliacha kisanduku kimoja wazi kwenye karatasi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuandika, akanifokea mpaka ndege wakaruka.

"Kisanduku kitupu maana yake hukwenda!" alisema. "Sifuri maana yake ulikwenda, ukatafuta, ukakosa. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Watu wa upande wa pili wa hifadhi nao walisikia.

Lakini jina la utani hakulipata hapo. Alilipata miaka kumi na moja iliyopita, mwaka ule bahari ilipopata joto kama maji ya kuogea na kome wakafa magamba yao yakiwa yameachama. Mraba wa saba, uliokuwa na kome sitini na moja kwenye nukta zake mia, ukabaki hauna hata mmoja. Akaandika sifuri. Mwaka uliofuata, sifuri. Miaka sita mfululizo mzee wa watu anashuka ngazi na fremu begani, anapiga magoti nukta zote mia, anapanda na sifuri yake kama aliyeokota dhahabu. Ofisi nzima ilicheka. Mkuu wa hifadhi wa wakati huo, mtu mwenye huruma, akamshauri ausogeze mraba hatua tano kulia, penye uhai.

"Sawa, bosi," alijibu Bwana Sifuri. "Na kipimajoto cha mgonjwa tukimwekea asiyeumwa, homa itashuka leo leo."

Mwaka wa saba, kwenye nukta ya arobaini na tatu, alinyamaza. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ameumwa na kitu. Kumbe alikuwa analia. Palikuwa na kome mmoja, mdogo kama punje ya mchele. Mwaka uliofuata walikuwa watatu, kisha tisa, kisha ishirini na wawili. Haba na haba, kibaba kilikuwa kinajaa, na mwaka huu alitarajia wavuke thelathini. Tatizo ni kwamba mwaka huu ndio aliotakiwa kustaafu. Akaandika barua ya kuomba miaka miwili ya nyongeza, barua pekee aliyowahi kuiandikia ofisi hiyo. Mimi ndiye niliyeichapa. "Niwaone wamerudi sitini na moja," aliniambia, "halafu mnizike mnavyotaka." Barua ikawekwa kwenye meza ya Mkuu, ikisubiri saini.

Mkuu huyu wa sasa ni wa tano tangu nianze kazi. Ni mtu wa mabango. Alipofika alikuta choo hakina mlango, akaweka bango la kukaribisha wageni chooni. Viatu vyake havijawahi kulowa. Ndipo akagundua kwamba hifadhi yetu ina kumbukumbu ndefu za kome kuliko jirani zetu wote, akapata maono: tufanye sherehe. Mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa kutoka makao makuu, angeshuka mwambani, angeshuhudia mraba wa saba ukihesabiwa kwa sababu uko karibu na ngazi, kisha angetia saini kwenye karatasi ya hesabu yenyewe mbele ya wapiga picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakumjua Mkuu wetu.

Siku moja kabla ya sherehe alimtuma Bwana Sifuri mjini kufuata fulana zenye picha ya kome. Kisha akaniita, akanisomea agizo la kuchapa: mraba wa saba usafishwe vizuri, bolti zing'ae, pawe mahali pa heshima. Nilijua. Nataka niseme wazi kwamba nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeandika kila kiumbe cha mraba ule kwa miaka kumi na minne. Vidole vyangu vilisita, kisha nikajiambia mimi ni karani, ya wakubwa waachie wakubwa. Nikachapa. Akina mama wa usafi wakashuka na ndoo na brashi za waya maji yalipopwa, nao ni watu wa kazi, hawakufanya nusunusu. Walisugua kutoka bolti hadi bolti.

Kesho yake tulishuka wote: mgeni rasmi, Mkuu, wapiga picha, na kundi la watu waliovaa fulana. Bwana Sifuri alitangulia. Alipofika alisimama, akatazama chini. Mraba wa saba ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Pembeni mwani na kome wameshikana, na katikati yao pale pamekwanguliwa kwa mikwaruzo ya waya, pamesafishika, bolti nne zinameremeta juani.

Alinigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akapachika fremu, akapiga magoti.

"Nukta ya kwanza," alisema. "Mwamba mtupu."

Nikaandika.

"Nukta ya pili. Mwamba mtupu."

Kufika nukta ya kumi Mkuu alikuwa ameshaelewa. Akainama sikioni kwake, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Mzee, soma za mwezi uliopita. Ongeza kidogo. Nani atajua?"

"Nukta ya kumi na moja," alisema Bwana Sifuri, na sauti akaipandisha. "Mwamba mtupu."

Kwenye arobaini mgeni rasmi alishindwa kuvumilia. "Samahani, mzee wangu. Mbona ni mwamba mtupu tu?"

"Mheshimiwa, nikijibu nitapoteza hesabu. Nukta ya arobaini na moja. Mwamba mtupu."

Ilichukua dakika ishirini. Wapiga picha walishusha kamera. Mtu mmoja alipiga makofi kwenye hamsini akidhani tumemaliza, akakanyagwa mguu. Kabla ya hapo, kwenye ya arobaini na tatu, alikuwa ameinama mpaka pua ikakaribia mwamba; mimi peke yangu nilijua kwa nini, na nilitamani mwamba upasuke unimeze. Alipomaliza ya mia hakunyanyuka.

"Safu ya maelezo," aliniambia. "Andika: viumbe wote wamesuguliwa kwa brashi ya waya, jana maji yalipopwa, kwa agizo la ofisi."

Mkuu alikohoa. Nilikuwa na kazi, nina watoto, nina mama mgonjwa nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshachapa mara moja. Nikaandika yote, na mwandiko wangu, kwa taarifa yenu, ni mzuri. Mgeni rasmi akachukua ubao, akasoma taratibu mpaka mwisho, akazitazama zile bolti zinazong'aa, akamtazama Mkuu. Kisha akatia saini. Mkuu ndiye aliyeanza kupiga makofi, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake.

Jumatatu Mkuu alikuja ofisini kwetu mwenyewe, mkononi barua ya nyongeza na karatasi mpya ya hesabu, tupu. Alikuwa mpole kupita kiasi.

"Mzee, sote ni watu wazima. Jaza hii, thelathini na nne inatosha. Nami natia saini barua yako hapa, unakaa miaka yako miwili. Mgeni nitamweleza palikuwa na kosa."

Bwana Sifuri aliitazama ile barua. Aliitaka, na sitawadanganya kwamba hakuitaka. Aliishika ukingo wake kwa vidole viwili kwa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Nikiandika leo kuna kome thelathini na wanne," alisema, "mwezi ujao nikienda sitawakuta. Nitaandika wameuawa na nini, bosi? Bahari haijafanya kitu. Unataka niisingizie bahari?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa mwezi mmoja. Mkuu akachukua karatasi yake, akachukua na barua. Ijumaa ile Bwana Sifuri alikabidhi fremu, penseli na viatu vya mpira, tukamnunulia soda.

Bamvua iliyofuata nilikwenda langoni mapema na fremu begani. Nilimkuta amesimama dirishani kwa mlinzi, amevaa kandambili. Mlinzi, ambaye alimfungulia lango lile miaka tisa, alikuwa amemsogezea daftari la wageni, maana agizo la Mkuu lilikuwa kwamba asiye mfanyakazi ajiandikishe.

"Mjomba, nisamehe," mlinzi alisema. "Jina, saa ya kuingia, na sababu ya kuja."

Bwana Sifuri aliandika jina lake lote, ambalo wengi wetu hatukulijua. Akaandika saa. Kwenye sababu ya kuja akaandika: Kazini.

Mlinzi alisoma, akajikuna kichwa. "Mjomba, hapo mgeni huwa anaandika matembezi."

"Basi futa uandike unayoitaka wewe," alisema, akanipokea fremu. Mlinzi hakufuta.